Arifa Iliyokupita Imepotelea Wapi?

Mteja wa Morogoro alituma ujumbe wa WhatsApp saa mbili usiku. Alitaka magunia manne ya dagaa, yapakiwe kwenye basi la alfajiri, na pesa angeituma mara tu akijibiwa. Mama aliyetumiwa ujumbe huo anauza dagaa pale Kibirizi, hapa Kigoma mjini. Habari za oda hiyo alizipata kesho yake saa saba mchana, mteja alipompigia kusema ameshanunua kwa mtu mwingine.

"Mwanangu, simu hii haikulia," aliniambia, akinipa simu kama mtu anavyompa fundi saa iliyosimama. "Na yule anaapa kwamba alituma."

Wote wawili walisema kweli. Nimeshika simu nyingi za majirani na ndugu zenye kisa cha namna hii, na karibu kila mara wanaolaumiana wote wana haki: mmoja ametuma, mwingine hakuambiwa. Kati yao kuna njia ndefu isiyoonekana. Asiyeijua njia hiyo hubaki kuilaumu simu, au, vibaya zaidi, kumlaumu mwenzake kwamba amempuuza. Nimeona undugu ukiingia ufa kwa ajili ya ujumbe uliochelewa usiku mmoja, na inaniuma kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya simu zao wenyewe.

Hodi na mgeni

Tuanze na neno lenyewe. Arifa ni ile taarifa fupi inayoteremka juu ya kioo cha simu pamoja na mlio au mtetemo wake. Ukiiweka simu yako kwenye Kiswahili utalikuta neno hilo hilo ndani ya Mipangilio. Wengi wetu huchukulia kwamba arifa na ujumbe ni kitu kimoja, na mkanganyiko wote huanzia hapo. Arifa ni hodi, ujumbe ni mgeni. Mgeni anaweza kuwa ameshaingia na kuketi barazani hata kama hukusikia hodi. Hodi nayo inaweza kupigwa wakati mgeni bado yuko njiani. Ukiisukuma arifa ya WhatsApp pembeni kwa kidole, umeifuta hodi tu. Ujumbe bado umo ndani ya WhatsApp unakusubiri.

Kwa hiyo mtu akiniambia amepitwa na arifa, kwanza humwuliza kama anamtafuta mgeni au anaitafuta hodi. Kama ni mgeni, asihangaike na mipangilio. Afungue programu yenyewe. Juu ya orodha ya mazungumzo, WhatsApp ina kitufe kinachoonyesha yale ambayo hayajasomwa tu. Simu zilizoita bila kupokewa zimo kwenye orodha ya simu, na zile za WhatsApp zina orodha yake ndani ya WhatsApp. Kwa yule mama, ujumbe wa Morogoro tuliukuta kwa kitufe hicho. Ulikuwa ndani muda wote, umezama chini ya kundi la kikoba, kundi la ukoo, kundi la wauza dagaa na kundi la harusi ya mpwa wake, kwa sababu namba ya mteja ilikuwa ngeni na haikuwa na jina.

Kumpata mgeni hakukurudisha magunia manne. Ilibaki kujua hodi yake iliishia wapi.

Bawabu mmoja kwa programu zote

Simu janja ya kawaida ina programu nyingi zinazotaka kukupa habari. Kama kila moja ingekuwa inaingia intaneti kila dakika kuuliza "kuna jipya?", betri isingefika adhuhuri. Kwa hiyo simu za Android hushika mstari mmoja wa mawasiliano na seva za Google, yaani kompyuta zake kubwa za mbali, na programu nyingi hupitisha hodi zao hapo. Huduma hiyo, ambayo ndiyo bawabu wetu, huitwa Firebase Cloud Messaging. iPhone ina ya kwake, inayoendeshwa na Apple tangu 2009. Mteja wa Morogoro alipobonyeza kutuma, ujumbe ulikwenda kwanza kwenye seva za WhatsApp. Seva hizo zikamwomba bawabu wa Google agonge mlango wa simu ya Kibirizi. Simu ikisikia, WhatsApp huamka na kwenda kuuchukua ujumbe wenyewe.

Sasa, simu ikiwa haina data, bawabu hana wa kumgongea. Hungoja, ila hangoji milele wala habebi mzigo usio na kikomo. Google huhifadhi hodi hadi wiki nne, isipokuwa programu yenyewe imeomba muda mfupi zaidi, na hazizidi 100 kwa programu moja kwenye simu moja. Zikizidi, zote hutupwa, na simu ikirudi hewani programu huambiwa tu kwamba kuna vilivyopotea, ikavitafute. Apple hubaki na ya mwisho tu kwa kila programu. WhatsApp kwa upande wake huutunza ujumbe ambao haujafika kwa siku 30, kisha huufuta.

Namba hizo zina maana kubwa kwa mkoa kama huu wetu. Mtu aliyeshuka na boti kusini hadi Kalya, au aliyekaa kambi ya uvuvi siku kadhaa bila mtandao, akirudi mjini arifa humiminika mpaka simu inaganda. Asidhani kwamba hesabu ya arifa hizo ndiyo hesabu ya waliomtafuta. Afungue programu moja moja aangalie.

Ushahidi wa kwanza uko kwa aliyetuma, na watu wengi hawaufikirii. Tiki moja ya kijivu kwenye WhatsApp maana yake ujumbe umetoka kwake lakini haujafika kwenye simu yako. Tiki mbili, umefika. Zikigeuka bluu, umesomwa, ingawa mtu anaweza kuzima rangi hiyo. Zaidi ya hapo, aliyetuma akiubonyeza ujumbe wake kwa muda na kufungua taarifa zake, ataona saa ambayo ulifika. Nilimwomba mama ampigie mteja amwombe afanye hivyo. Jibu likaja: ulifika saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi.

Saa kumi nzima ujumbe ulikuwa nje ya mlango. Nikamwuliza, "Mama, usiku huwa unazima data?"

"Sasa nisipozima, si bando linaliwa bure nimelala?"

Bando linaloliwa na nani?

Siwezi kumlaumu. Bando la siku ni pesa, na pesa hiyo ni sado za dagaa alizozianika mwenyewe. Lakini katika biashara yake usiku ndio wakati wa kusikia. Kipindi cha giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi huingia ziwani na taa zao na mzigo hushuka alfajiri. Wateja wa mbali wanalijua hilo, na huagiza usiku huo huo ili wawahi basi. Kuzima data saa moja jioni ni kufunga duka wakati wanunuzi ndio wanafika.

Maandishi ya WhatsApp hula data kidogo mno. Wanaolimaliza bando usiku ni wengine: picha na video zinazojipakua zenyewe kutoka kwenye makundi, na programu zinazojisasisha. Kwa hiyo tuliingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, tukazima kupakua picha, sauti na video kunapotumika data ya simu. Kwenye Play Store tukaweka programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee. Baada ya hapo data inaweza kukaa wazi usiku kucha bila bando kuliwa na video za harusi.

Kuna njia ya kati ambayo simu nyingi zinayo, iitwayo Kiokoa Data. Hii huzizuia programu zisitumie intaneti zikiwa nyuma ya pazia. Ni nzuri, ila uipe ruhusa ya pekee programu unayoitegemea, la sivyo utakutana na arifa ya WhatsApp inayosema huenda una ujumbe mpya bila kusema wa nani. Hiyo ni hodi iliyosikika huku mgeni amezuiwa getini. Ukiiona, ifungue WhatsApp papo hapo.

Liko jambo jingine linalowasumbua wanaonunua vifurushi vya WhatsApp peke yake. Hodi hupitia seva za Google, na kifurushi kinachofungua WhatsApp tu kinaweza kumwacha bawabu nje. Matokeo yake ujumbe huonekana pale tu unapoifungua WhatsApp kwa mkono wako, na mtu hubaki kusema simu imeharibika mlio. Ukiona dalili hiyo, jaribu siku moja na bando la kawaida uone tofauti.

Wenye laini mbili nao wajue hili. Simu nyingi za laini mbili zina uwezo wa kuzungumza kwa laini moja tu kwa wakati. Ukiwa kwenye maongezi marefu na laini ya pili, data ya laini ya kwanza husimama, na anayekupigia kwenye laini hiyo huambiwa hupatikani. Na pale ambapo mnara unatoa 2G tu, data husimama kila unapopokea simu hata kama una laini moja.

Saa ya nchi jirani

Wanaokaa Kagunga, Manyovu na vijiji vingine vya mpakani wana tatizo ambalo wa Dodoma hawalifahamu. Simu ikipoteza mtandao wa nyumbani inaweza kudaka mnara wa Burundi, na kwa walio ziwani, hata wa Kongo. Hapo yanatokea mambo mawili kimya kimya. La kwanza, data hukatika, kwa sababu simu nyingi huzuia data ya ugenini ili usikatwe pesa nyingi. Arifa za intaneti husimama huku alama za mtandao zikionekana zimejaa.

La pili hutokea kwenye saa. Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa moja nyuma yetu. Simu iliyowekwa ijirekebishe saa yenyewe inaweza kufuata saa ya mnara iliyoudaka, na kila kitu ulichokipanga kwa saa kikateleza: kengele ya kuamka inachelewa saa nzima, na ukimya uliouwekea simu uishe saa kumi na moja alfajiri unaisha saa kumi na mbili. Mtu anayesafiri na boti ya alfajiri anaachwa. Dawa yake ni kuzima marekebisho ya saa ya kiotomatiki, ukaweka saa ya Afrika Mashariki mwenyewe, na kuchagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie. Ukiirudisha simu mjini, angalia tena.

Simu inapolala

Tuseme data iko wazi, mtandao ni mzuri, na tiki mbili zimetokea kwa wakati. Bado simu inaweza kunyamaza, kwa sababu simu nayo hulala. Tangu toleo la 6 la Android, mwaka 2015, simu iliyowekwa mezani bila kuguswa, kioo kimezimwa na haiko kwenye chaji, huingia kwenye usingizi mzito ili kulinda betri. Katika usingizi huo huamka kwa vipindi tu. Hodi zenye alama ya haraka, kama za simu na za ujumbe wa WhatsApp, huruhusiwa kuiamsha. Nyingine hungoja kipindi. Ndiyo sababu ukiichukua simu asubuhi na kuwasha kioo, barua pepe tatu hulia kwa mpigo kana kwamba zilikuwa zimejificha chini ya mto.

Usingizi huo wa Google una kipimo. Lakini watengenezaji wengi wa simu huongeza usingizi wao juu yake, hasa kwenye simu za bei nafuu ambazo ndizo tunazozitumia zaidi. Kila kampuni ina jina lake: kujiwasha kwa programu, kusafisha simu, kulinda betri. Kazi yake ni kuziua programu ambazo hujazigusa karibuni. Betri inadumu, na arifa zinakufa nazo. Ukiwa na simu ambayo arifa hufika tu unapoifungua programu, anza kupekua hapo. Ingia Mipangilio, kisha programu, chagua ile unayoitaka, fungua sehemu ya betri, uiruhusu itumie betri bila kuzuiwa. Kama simu yako ina sehemu ya kuruhusu programu zijiwashe zenyewe, iruhusu huko pia. Usizipe ruhusa hiyo programu zote, maana betri itakwisha mchana. Nyumba yenye sola ndogo haiwezi kuibeba hasara hiyo. Mbili tatu zinatosha.

Wapo pia wanaoua programu kwa mikono yao. Ukiingia kwenye mipangilio ya programu na kuilazimisha isimame, Android haitaipelekea hodi yoyote mpaka uifungue tena mwenyewe. Kwenye simu ya kawaida ya Android, kuisukuma nje ya orodha ya programu za karibuni hakuleti madhara hayo, lakini baadhi ya watengenezaji hukichukulia kitendo hicho kama amri ya kuiua. Na programu usiyoifungua kwa miezi kadhaa, tangu Android 12, hulazwa kabisa na kupoteza haki ya kupokea hodi. Programu ya benki unayoifungua mara moja kwa mwaka inaweza kuwa imelala hivyo.

Imefika, lakini kimya

Arifa nyingine hufika salama na kukaa kimya kwa sababu wewe mwenyewe, au mtoto aliyecheza na simu, mliamua hivyo. Tangu Android 8 ya mwaka 2017 kila programu hugawa arifa zake katika makundi, na kila kundi lina mlio wake. Unaweza kuwa umezima kundi la ujumbe ukabakiwa na la simu. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya inapaswa kuomba ruhusa kwanza kabla ya kukutumia arifa. Aliyebonyeza kukataa kwa haraka siku ya kwanza hatasikia kitu tena mpaka airudishe ruhusa. Gusa arifa yoyote kwa muda mrefu na simu itakuonyesha imetoka kundi gani. Ndani ya WhatsApp angalia mazungumzo yaliyonyamazishwa, na yale yaliyowekwa kwenye kumbukumbu: siku hizi hubaki huko hata ujumbe mpya ukiingia, bila mlio.

Halafu kuna Usinisumbue, ile hali ya kuinyamazisha simu yote kwa saa ulizozipanga. Ninaipenda, kwa sababu usingizi wa mtu ni afya yake. Ndani yake kuna kipengele ambacho ningependa kila mwenye mzazi mgonjwa kijijini akijue: ukikiruhusu, mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Kwenye iPhone muda huo ni dakika 3. Kwetu hodi ya kwanza isipojibiwa mtu hupiga ya pili, na simu imejifunza adabu hiyo. Waambie wa nyumbani kwamba jambo likiwa zito wapige mara mbili mfululizo.

Kidole chako mwenyewe

Nirudi kwa mama wa Kibirizi. Ujumbe ulifika saa kumi na mbili na dakika tano, alipowasha data. Hodi ilipigwa. Lakini ilipigwa pamoja na nyingine nyingi, wakati mitumbwi inaingia na watu wanagombania mzigo. Akafanya ambalo sote tungefanya: akabonyeza kufuta zote.

Kwa kosa hili, na kwa hili tu, iko dawa iitwayo Historia ya arifa. Ilikuja na Android 11 mwaka 2020. Ingia Mipangilio, Arifa, kisha Historia ya arifa. Kwenye Samsung hukaa ndani ya Arifa, chini ya mipangilio ya kina. Ukiiwasha, simu huanza kuandika kila arifa inayoingia: juu utaona ulizozifuta muda mfupi uliopita na ulizoziahirisha, chini utaona za saa 24 zilizopita, zimepangwa kwa programu. Ukiigusa mojawapo, mara nyingi hukupeleka pale ilikotoka.

Yako mambo mawili ya kuyashika hapa. Historia huja ikiwa imezimwa, na haiandiki ya kabla hujaiwasha. Ukiiwasha leo hutaziona za jana. Ya mama ilikuwa imezimwa, kwa hiyo arifa yenyewe hatukuipata. Tuliupata ujumbe tu. Pili, ni ya siku moja. Anayeitafuta arifa ya juzi amechelewa. Ndiyo maana nawaomba watu waiwashe sasa, kabla hawajapata shida, kama mtu anavyoweka mshumaa ndani umeme ukiwa bado upo.

Kwa wenye iPhone maelezo ni mafupi. Arifa ambazo hujazigusa ziko kwenye kituo chake. Telezesha kidole juu kutoka katikati ya kioo kilichofungwa utazikuta. Ukishazifuta, hakuna historia ya kuzirudisha. Na kama uliwasha muhtasari wa ratiba, uliokuja na iOS 15 mwaka 2021, baadhi ya arifa hushikiliwa na kuletwa kwa mafungu saa ulizozichagua. Huenda unazitafuta na hazijafika zamu.

Historia hii ina upande wa kuogopwa. Huhifadhi maneno ya arifa, hata ya ujumbe ambao mwenzako aliufuta baadaye. Anayeishika simu yako ikiwa wazi anaweza kuyasoma. Funga simu kwa namba ya siri.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye programu za kupakua zinazoahidi kukuonyesha ujumbe uliofutwa. Ili zifanye kazi huomba ruhusa ya kusoma arifa zako zote. Zote maana yake ni pamoja na namba za siri za mara moja kutoka benki. Android 15 imeanza kuzificha namba hizo zisisomwe na programu zisizoaminika, lakini simu nyingi mikononi mwetu ni za matoleo ya nyuma. Sioni sababu ya kumpa mtu usiyemjua ufunguo wa sanduku la pesa ili akutafutie ujumbe mmoja wa umbea. Kwenye Mipangilio, tafuta sehemu inayoonyesha programu zenye ruhusa ya kusoma arifa, na uiondoe kila usiyoijua.

Meseji za pesa

Meseji za kawaida hazipiti kwa Google. Hupitia mtandao wa simu wenyewe, hazihitaji bando, na simu ikiwa imezimwa huhifadhiwa kwa muda kwenye kituo cha mtandao mpaka irudi hewani. Kwa oda ya haraka usiku, meseji ya kawaida au simu bado inaaminika kuliko WhatsApp, na mama amewaambia hivyo wateja wake. Wenye kitochi wakumbuke kwamba kumbukumbu ikijaa, meseji mpya hubaki nje mpaka ufute za zamani. Na mtu aliyepiga simu yako ikiwa imezimwa haonekani kwenye orodha ya simu. Orodha hiyo hurekodi waliofika tu.

Pesa ina sheria yake. Meseji ya muamala ni hodi vilevile, na pesa ndiyo mgeni. Meseji isipoingia, usimwite mteja mwongo. Ikiingia, usikabidhi mzigo kwa meseji peke yake. Angalia salio: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Matapeli huandika meseji zinazofanana kabisa na za kweli na kuzituma kutoka namba ya kawaida, wakijua muuzaji mwenye haraka atasoma kiasi na kuacha jina la mtumaji. Ukiipata ya namna hiyo, itume kwenda 15040.

Kuzipunguza ndiko kuzisikia

Tulipohesabu arifa za asubuhi moja kwenye simu ile, nyingi mno zilikuwa za mechi za kubeti, mikopo ya haraka, matangazo na salamu za makundi. Nyumba inayopigiwa hodi mara hamsini kwa siku na wauza vitu, mwenye nyumba huacha kuitika, na siku dada yake anafika naye hasikiwi. Kwa hiyo tulikaa kivulini tukaanza kupunguza. Arifa ikiingia, aliigusa kwa muda mrefu akajiuliza kama ingempa hasara kuikosa. Kama hapana, tukaizima pale pale, wakati mwingine programu nzima, wakati mwingine kundi lake moja. Makundi ya WhatsApp yakanyamazishwa yote isipokuwa la kikoba. Kazi hiyo ilichukua siku tatu kidogo kidogo, kwa sababu kelele nyingine hazijitokezi mpaka siku yake.

Mwisho tukahifadhi namba za wateja kwa majina na miji yao. WhatsApp humruhusu mtu kuweka mlio wa pekee kwa kila mazungumzo, na mama akachagua mmoja mkali kwa wateja wanne wakubwa, yule wa Morogoro akiwamo. Data sasa haizimwi usiku. Mlio huo ukisikika, hata kama ana ungo wa dagaa mkononi, anauweka chini.